Wananitaka nisaini "maelezo ya kukiri" baada ya kupeleka malalamiko ya savisi chaji. Mkataba wa hali bora unanilinda?

Mtoto_wa_Kinyasini

Asalam aleikum ndugu zangu, khasa wale mnaofanya kazi mahotelini na wale wanaojua sheria za kazi za hapa kwetu Zanzibar. Nna jambo limenikaa rohoni na silali vizuri.

Mie ni weita kwenye hoteli moja upande wa mashariki, jina silitaji. Pale kazini tuna chama na chama kimesaini mkataba wa hali bora na mwajiri, wote umeandikwa kwa Kiingereza, mwakilishi wetu anao na mie nimezipiga picha kurasa za malalamiko. Unasema mwenye lalamiko aanze kwa mdomo kwa supavaiza wake, asiporidhika ajaze fomu ndani ya siku saba za kazi apeleke kwa mkuu wa idara, halafu HR (afisi ya utumishi), halafu kamati inayokaa pamoja na mwakilishi wa chama, na kila ngazi ina siku zake za kujibu.

Sasa kipindi cha masika savisi chaji, ile pesa ya huduma anayotozwa mgeni kwenye bili na sisi tunagawiwa, ilikuja pungufu na wengine hatukupata hata senti, tukaambiwa wageni wachache. Lakini sisi ndio tunaopeleka bili mezani, tunajua kilichoingia. Tukamwambia supavaiza akasema atalifikisha, kimya. Basi tukakaa watu wa mgahawa na wa jikoni tukaandika barua moja kwa Kiswahili, kila mtu akatia saini yake, mie ndie nilieipeleka kwa HR kwa sababu mkuu wa idara alikuwa likizo. HR akairudisha hapo hapo. Akasema malalamiko hayapokelewi kwa kundi kila mtu ajaze fomu yake, yawe kwa Kiingereza, na siku saba zimeshapita.

Haikupita wiki naitwa afisini naambiwa pesa za baa usiku niliofunga mimi zimepungua. Ile hesabu niliikabidhi, kitabu nimesaini na aliepokea kasaini. Wakaniletea karatasi imeshachapwa kwa Kiingereza, ninavoielewa inasema mimi nakiri nimechukua na naomba msamaha na nakubali nikatwe mshahara. Wakasema nikisaini yanaisha hapo hapo, nisiposaini linakwenda kwenye nidhamu na polisi. Nikaomba niende nayo nyumbani nikasomewe vizuri, wakakataa. Sikusaini. Wamenipa mpaka Jumatatu.

Nauliza, ile barua yetu ndo imekufa? Na hii karatasi naikataa vipi bila ya kuonekana mkaidi? Nna mke na mtoto mchanga, siwezi kupoteza kazi sasa hivi.

Pweza_Kavu

USISAINI kaka. Mtu akikuletea kosa lako kalichapa mwenyewe ujue ameshakata shauri. Nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mambo ya kazi, moja kwa moja, una siku 30 tu usizichezee. Jamaa yangu aliachishwa kazi Dar akaenda CMA, mwajiri akaitwa akaja kulipa. Hizo ngazi za hotelini ni za kumchosha mtu mpaka akate tamaa.

BiMwana_Malindi

Mwanangu pole sana. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa miaka mingi kabla ya kuacha kazi na mambo haya nimeyaona mengi kwaio nisamehe nikirefusha.

Pweza_Kavu hapo pa kutosaini niko na wewe, lakini hapo pa CMA utampoteza mwenzio. CMA ni ya Bara, imeundwa kwa sheria za kule za 2004, na hizo siku 30 za alieachishwa na siku 60 za migogoro mengine ni za kanuni zao za 2007. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, tuna kitengo chetu cha kushughulikia migogoro ya kazi ambacho kinafanya usuluhishi na uamuzi, na juu yake Mahkama ya Kazi ambayo iko ndani ya Mahkama Kuu. Muda wa kupeleka jambo huku uuulize Kamisheni ya Kazi wenyewe, uulize mapema na uandike jina la afisa aliekujibu. Nimeona vijana wanasoma kwenye simu siku za Bara wanazihesabu hapa, wengine wanachelewa na wengine wanakata tamaa bure.

Sasa hizo ngazi. Najua zinachosha, lakini usiziruke. Ukifika mbele ya msuluhishi kitu cha mwanzo utakachoulizwa ni kama ulifuata utaratibu mliokubaliana wenyewe, na chama chako ndicho kilichosaini utaratibu ule kwa niaba yako. Anaeruka ngazi anampa mwajiri neno la kusema, "huyu hakutupa nafasi". Anaezifuata moja moja na karatasi mkononi anamnyima neno hilo. Na ukiangalia hazikuzuka hewani, Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo Namba 130 mwaka 1967 khasa kuhusu malalamiko kazini, na mule mmesemwa mambo ambayo kila kijana wa hoteli angepaswa kuyajua: kwanza lijaribiwe kumalizwa hapo hapo kazini na mkubwa wako wa karibu, likishindikana liende juu, utaratibu uwe mwepesi na wa haraka na makaratasi yawe machache iwezekanavo, mfanyakazi awe na haki ya kwenda na mwakilishi wa chama au mwenzake wa kazini, na kubwa kuliko yote ASIDHURIKE kwa sababu ya kuleta lalamiko. Pendekezo si sheria ya kumfunga mwajiri wako, hilo nalisema wazi. Lakini chukua zile kurasa ulizozipiga picha uzisome na mambo hayo kichwani, mikataba mingi inayo maneno yanayofanana na hayo, na yakiwemo mwenu basi hayo yanamfunga kwa sababu ameyasaini.

Kuhusu siku saba. Mmesema na supavaiza. Lini? Yale maneno ya mdomo ni ngazi ya kwanza na mliitimiza, na yeye aliwaambia atalifikisha. Kwaio siku za kuandika zinahesabiwa tokea pesa zilipokosekana au tokea supavaiza aliposhindwa kuwajibu? Isome ibara yenyewe neno kwa neno. Mimi niliwahi kumtetea mtu kwa jambo hilo hilo, HR alikuwa anahesabu tokea siku ya mshahara na mkataba ulikuwa unasema tokea jibu la supavaiza, na jibu lenyewe halikuwahi kutoka. Wakaipokea fomu.

Na mkuu wa idara akiwa likizo lazima kuna anaekaimu. Mpelekeeni yeye.

Afisa_Mjini

Naomba nichangie na mimi niko upande wa utawala, nafanya kazi za HR mjini, si hoteli hiyo.

Fomu zipo kwa sababu. Barua ya watu kumi na tano inayosema "tunadhulumiwa savisi chaji" mimi siwezi kuifanyia kazi, kila mtu ana shifti zake, mwengine aliingia katikati ya mwezi, mwengine alikuwa likizo, nahitaji kujua nani anadai mwezi gani na anataka nini. Lalamiko zuri ni fupi: kimetokea nini, lini, ibara gani ya mkataba imevunjwa, nani nimeshamwambia na lini, nataka nifanyiwe nini. Nusu ukurasa unatosha. Watu wanaleta kurasa tatu za uchungu, uchungu naufahamu, lakini ndani yake hakuna tarehe hata moja.

Ila kusema kundi halina haki ya kulalamika si kweli. Mikataba mingi inatenganisha lalamiko la mtu mmoja na mgogoro wa wengi, ule wa wengi unapelekwa na chama chenyewe kwa njia yake. Kwaio fanyeni yote mawili, kila mtu ajaze fomu yake kwa hesabu yake, na mwakilishi apeleke barua ya chama kwa ajili ya wote. Lugha nayo, kama mkataba hausemi Kiingereza basi HR hana pa kushika. Kama mkataba unasema Kiingereza, andika Kiswahili kisha ambatanisha Kiingereza, na chini weka kwamba ya Kiswahili ndiyo maneno yako.

Sasa hiyo karatasi ya kukiri. Kwa kweli nimeisoma habari yako nikaumia. Mtu akituhumiwa anaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, barua inataja kosa, siku, kiasi, na inampa muda wa kujibu. Anajibu kwa maneno yake. Kama majibu hayatoshi anaitwa kwenye kikao na mtu wa kumsindikiza, anaoneshwa ushahidi, anauliza maswali, ndipo uamuzi unatoka na rufaa inakuwepo. Haki ya kusikilizwa imo kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ibara ya 13(6)(a), na hiyo hiyo 13(6) inasema asietiwa hatiani asichukuliwe kama mkosa. Anaekuletea hukumu umsainie kabla ya shitaka amekugeuzia utaratibu juu chini. Ukisaini hakuna tena cha kusikilizwa, faili linafungwa na siku wakitaka kukuachisha karatasi ipo tayari. Na hilo la "yataisha hapa hapa" waombe wakuandikie kama wanaliamini.

Kitu kimoja usikifanye: usichanganye majalada. Barua ya savisi chaji isiseme habari ya baa. Majibu ya baa yasiseme savisi chaji zaidi ya mstari mmoja wa tarehe, kwamba siku fulani nilipeleka malalamiko na siku fulani nikaitwa. Anaesoma ataona mwenyewe.

Pweza_Kavu

Afisa maneno mazuri lakini nyie HR mko wangapi mnaofanya hivo? Huyu kaambiwa Jumatatu na polisi ndani yake. Mnamwambia ajaze fomu.

Afisa_Mjini

@Pweza_Kavu namwambia ajaze fomu kwa sababu bila ya fomu ni maneno yake na maneno yao, na wao ndio wenye afisi na muhuri. Kuhusu polisi, mwajiri ana haki ya kushitaki kama anaamini kaibiwa, na huyu ana haki ya kusema kule alilolisema hapa: nimekabidhi, kitabu hiki, saini hii. Tafauti ni kwamba akifika kule na karatasi ya kukiri alioisaini atahangaika kuikana, na akifika bila ya karatasi hiyo wao ndio wanaotakiwa wathibitishe.

Kile kitabu cha makabidhiano kipige picha LEO, ukurasa wa usiku ule na wa kabla na wa baada yake.

Mama_Mwani_Jambiani

Mie si mtu wa hoteli, mie nalima mwani, lakini mada hii imenigusa kwa hivo naingia.

Kilimo hiki cha biashara kimeanza hapa Zanzibar mwaka 1989 na wengi wetu ni wanawake, na tokea wakati huo tunafanya kazi kwa makubaliano. Kampuni inakupa kamba na taitai (vikamba vidogo vya kufungia mwani), wewe unamuuzia yeye mwani wako. Na makubaliano yana namna yake ya kuleta kazi: mwani ukauke sawa sawa, usiwe na mchanga, usiwe na chumvi ya kutikisa, zile aina mbili za mwani, spinosamu na kotoni, zisichanganywe, ukileta kinyume na hivo unarudishwa na magunia yako juani uanike upya. Hilo tunalikubali kwa sababu tunaliona kwa macho, ukiukamata mkononi unajua kama umekauka.

Linalotuumiza ni upande wa malalamiko. Kwetu ilikuwa ukiwa na neno juu ya mzani ulisema pale pale kabla ya gunia kupakiwa, gari ikishaondoka huna neno. Sasa fikiria mama amebeba magunia tokea asubuhi, jua limemuwaka, anasimama mbele ya karani na foleni nyuma yake inamwambia fanya haraka, anaona mshale wa mzani haukurudi kwenye sufuri. Atasema? Wengi hawasemi. Na hapo hapo anasaini kitabu kwamba amepokea malipo sahihi, saini yake inakuwa ndio ushahidi dhidi yake. Sisi kwenye kikundi chetu tukakubaliana mtu mmoja siku ya mzani hauzi, kazi yake ni kusimama na daftari akaandika kila gunia na kila neno lililosemwa, mzani ukigomba anaandika saa na anamwambia karani atie saini. Mwanzo walikasirika. Sasa wamezoea na wakati mwengine wao ndio wanaouliza daftari liko wapi.

Kwaio mwanangu tafuta mtu wako wa daftari. Usiingie afisini ile peke yako Jumatatu.

Wete_Kwetu

Waaleikum salaam Mtoto wa Kinyasini. Bi Mwana na Afisa wameyasema ya sheria. Mimi naongeza la dini kwa sababu umesema unaogopa kuonekana mkaidi, na nadhani hapo ndipo shetani anapompatia mtu mnyonge akatia saini ili aonekane ana adabu.

Tazama Suratul Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, na yote inahusu kuandikiana. Mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu. Lakini nani anaemwambia mwandishi cha kuandika? Yule ambae haki iko juu yake, yaani mdaiwa. Yeye ndie anaetamka na mwandishi anaandika. Mwenye kudai hakupewa kalamu, angepewa angeweza kuongeza. Na kama mdaiwa ni dhaifu au hawezi kutamka mwenyewe, basi msimamizi wake ndie atamke badala yake kwa uadilifu, na wawepo mashahidi. Wewe umeletewa deni limeshaandikwa na anaedai, kwa lugha usioijua vizuri, bila ya msimamizi na bila ya shahidi wako. Kukataa karatasi kama hiyo si utovu wa adabu hata kidogo. Na kukiri kwa kulazimishwa mafakihi wengi hawakuhesabu kuwa ni kukiri.

Lakini na wewe jiulize ukiwa peke yako na Mola wako. Kama kuna hata elfu kumi ulioichukua au ulioipoteza usiku ule, isiseme karatasi yao, iseme karatasi yako, kwa kiasi hicho hicho na si zaidi. Kama hakuna, simama.

Mtoto_wa_Kinyasini

Wallahi mmenipa nguvu, nimezisoma zote nikiwa kwenye gari ya shamba narudi nyumbani nikazisoma tena na mke wangu. Shekhe wa Wete nakuapia sikuchukua kitu. Nilihesabu mbele ya mtu wa baa tukasaini.

Nimefanya haya. Picha za kitabu nimezipata, na mwenzangu mmoja wa mapokezi nae kazipiga kwa simu yake. Mwakilishi wetu nimempigia, mwanzo alikuwa mzito lakini nilipomsomea ibara ya malalamiko akasema atakuja Jumatatu. Nimeangalia ile ya siku saba, Bi Mwana ulivosema ndivo, imeandikwa kwamba zinahesabiwa "baada ya jibu la supavaiza". Supavaiza hajatujibu mpaka leo! Watu wa jikoni wameanza kujaza fomu zao, wawili wanaogopa nimewaambia sio lazima.

Majibu yangu ya baa nimeandika hivi, niambieni kama pana neno baya:

"Nimeitwa afisini tarehe hiyo nikaambiwa fedha za baa zimepungua usiku niliofunga. Sikuchukua fedha yoyote. Nilihesabu na kukabidhi mbele ya alienipokea na sote wawili tumesaini kitabu cha makabidhiano, nakala naiambatanisha. Nilioneshwa karatasi ya Kiingereza nikatakiwa niisaini, sikuisaini kwa sababu si maneno yangu na sikupewa nafasi ya kuisoma na kuielewa. Naomba nipewe tuhuma kwa maandishi, kwa Kiswahili, na niitwe kwenye kikao nikiwa na mwakilishi wangu wa chama."

Kitu kimoja bado. Wakisema lazima nisaini kwamba nimeipokea ile karatasi yao je?

BiMwana_Malindi

Barua yako ni nzuri mwanangu, usiiongeze neno. Hapo mwanzo tu ondoa "tarehe hiyo" uandike tarehe yenyewe na saa, na umtaje kwa cheo aliekuita.

Ya kusaini kupokea: kupokea si kukubali, lakini hakikisha karatasi inasema hivo. Kwa mkono wako, juu ya saini, andika "Nimepokea nakala tu, sikubaliani na yaliyomo" na tarehe. Saini ikae karibu na maneno hayo pasibaki nafasi ya mtu kuongeza kitu katikati. Wakikukatalia kuandika maneno hayo basi usisaini chochote, mwakilishi wako aandike kwenye daftari lake kwamba ulitaka kupokea ukakataliwa. Na wakikupokea barua yako wakugongee muhuri kwenye nakala yako, wasipogonga itume hapo hapo kwa imeili ya HR mwakilishi akiwa anaona.

Wale wawili wa jikoni waache, ulivofanya ndivo. Barua ya chama itawabeba bila ya kuwataja majina.

Jumatatu ukitoka tu, kabla ya kupanda gari, kaa mahala uandike waliyoyasema na wewe uliyoyasema. Kisha tuandikie hapa.